Ondoa Tiki, Usifute

Vijana wangu mliorithi meza yangu pale ofisi ya maji Dongobesh, shikamoo zenu zimenifikia kwa simu, zote kwa mkupuo, nami nimeziitikia jembe likiwa mkononi. Marahaba. Mmeniuliza kwa nini kila kompyuta mliyoikuta hapo ina kibandiko cheupe chini ya skrini, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "Ondoa tiki, usifute." Mmoja wenu, sitamtaja kwa kuwa anajijua, anataka kukibandua kwa sababu kinaharibu sura ya kompyuta mpya. Akibandue akitaka. Ila asome kwanza hapa mpaka mwisho.

Nimestaafu miguu, kichwa bado kiko kazini. Nilianza kazi ile taipureta ikiwa bado ndiyo mfalme wa ofisi, nikaimaliza mafaili yakiwa yanapita hewani, na katikati hapo sikuwahi kukubali kuambiwa kwamba kutunza kumbukumbu ni kazi ya kukaa tu. Mabomba ya maji yako chini ya ardhi. Siku yakigoma, anayeyaona ni yule mwenye picha na michoro yake. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sasa ni ninyi.

Tuanze na jambo lenyewe, maana najua wengi wenu mmezoea simu na hamjawahi kujiuliza picha zenu zinalala wapi. Ofisi yetu ina kompyuta Dongobesh, ina nyingine Katesh, na zipo zile ndogo za kupakata wanazotembea nazo mafundi wa vijijini. Zote zimeunganishwa na hifadhi moja ya mtandaoni, ile tunayoiita wingu. Kuna folda moja kubwa ya ofisi. Ukiweka kitu humo ukiwa Dongobesh, kinapanda winguni, kisha kinashuka kwenye kompyuta za wenzako wote. Huko ndiko kusawazisha. Ukibadilisha hapa, kunabadilika kule. Watu husikia maneno hayo, wakatikisa kichwa, wakaenda zao kunywa chai kabla ya kusikia nusu iliyobaki: ukifuta hapa, kunafutika kule pia. Nitalisema jambo hilo tena na tena, mnivumilie.

Kwanza niwape kisa cha kuchekesha, cha kuhuzunisha kitafuata.

Tulikuwa na mhasibu, mtu mwema sana, mwenye suti ya kahawia ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Binti yake alifanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, na mpiga video akampa baba mtu kumbukumbu nzima kwenye flashi. Baba kwa furaha akaiweka ndani ya folda ya ofisi ili isipotee. Hakumwambia mtu. Asubuhi ile kompyuta ya Dongobesh ikaanza kuipandisha ile video winguni, ya Katesh ikaanza kuishusha, na zile za mafundi zikafuata mkia. Fundi wetu wa Masakta alikuwa amepanda mpaka juu kwenye kilima kutafuta mtandao ili atume ripoti ya tenki lililopasuka. Akaunganisha kompyuta na simu yake, akakaa kwenye jiwe, akasubiri. Bando lake likaisha lote, ripoti haijaondoka, na kitu pekee kilichokuwa kimeingia kwake ni shangazi wa bibi harusi akicheza.

Alinipigia akiwa amekasirika mpaka sauti inakwaruza. "Mama Tekla, huyu mama mwenye gauni la njano ni mfadhili wetu mpya au ni nani?"

Nilicheka, kisha sikucheka tena, kwa sababu wa Masakta walikaa siku hizo wakichota maji yanayomwagika ovyo. Hapo ndipo nilipoamua kwamba si kila kompyuta inahitaji kubeba kila kitu. Nilikaa na ile programu ya kusawazisha mpaka nikaielewa. Ukiingia kwenye mipangilio yake, inakuonyesha folda zote za winguni, na mbele ya kila moja kuna kisanduku chenye tiki. Folda yenye tiki inashuka na kukaa kwenye kompyuta hiyo. Ukiondoa tiki, inatoka kwenye kompyuta hiyo peke yake. Winguni inabaki. Kwa wenzako inabaki. Wewe umepata nafasi, na siku ukiihitaji unarudisha tiki, inashuka tena. Hakuna aliyelia.

Nikapita kompyuta moja baada ya nyingine. Fundi wa Masakta akabaki na folda ya Masakta na fomu zake. Wa Endasak vivyo hivyo. Katesh, kwa kuwa mtandao wake ni mzuri na diski yake ni kubwa, nikaiachia tiki zote. Sendofu nikaiondoa kabisa nikamrudishia mhasibu flashi yake kwa heshima zote. Alinishukuru, akaniuliza kama nimeiangalia. Nikamwambia tumeiangalia wilaya mbili.

Aliyenifundisha hii kazi hakuwahi kugusa kompyuta. Aliitwa Mzee Lohay, karani mkuu wa masjala nilipoajiriwa, mtu wa maneno machache na pipi za mnanaa mfukoni. Siku hizo adui wa kumbukumbu alikuwa jiko. Mpishi wa ofisi alikuwa akipita kila mchana kukusanya karatasi za kuwashia moto, na wafanyakazi walimpa walichokiona hakina kazi. Mzee Lohay alimzuia kila mtu mlangoni na swali moja, halikubadilika mpaka anastaafu: "Nyingine iko wapi, na nani ameiona leo?" Ukijibu kwamba nyingine iko wizarani, alikuuliza nani ameiona leo. Ukisema hujui, karatasi yako ilirudi mezani na mpishi akaenda kutafuta kuni.

Nilimwona ni msumbufu. Siku hizi nadhani kama angeishi mpaka wakati wa wingu, angemaliza kazi yangu kabla ya chai ya saa nne.

Sasa kile kisa cha kibandiko.

Fundi wetu wa Endasak wakati huo alikuwa Boay, na bado yupo, mnamfahamu kama bosi wa mafundi wote. Wakati ule alikuwa mgeni kazini, kijana mwepesi wa kujitolea, mtu wa kushuka kwenye chemba yenye tope akiwa amevaa shati la kanisani. Kompyuta yake ilikuwa ndogo na ya zamani. Siku moja ikajaa mpaka ikawa inachukua dakika za kusali rozari kabla ya kufungua barua moja. Boay akaangalia ni folda gani inakula nafasi kubwa, akakuta ni Picha za Mitaro. Humo mlikuwa na picha zote zilizopigwa wakati mabomba ya Endasak yanalazwa, kabla mitaro haijafukiwa. Akaifuta. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuona la kusema.

Msimhukumu mpaka muelewe alivyofikiri, na wale mliotoka mbali sikilizeni vizuri hapa. Kwetu huku mwenye ng'ombe haweki ng'ombe wake wote kwenye boma lake. Wengine anawapeleka kwa rafiki, kijiji kingine. Rafiki anakamua maziwa, mwenye mali anabaki na mali yake, na ugonjwa ukipita hapa, wale wa kule wanasalia. Boay amekulia ndani ya desturi hiyo. Baba yake ana ng'ombe kuanzia Dongobesh mpaka mteremko wa Hanang, na wengine hata hajawaona muda mrefu. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba mafaili yake yamewekwa winguni, yeye alisikia kwamba yamewekwa kwa rafiki. Ukichinja wa nyumbani, wa kwa rafiki anaendelea kula majani. Ungemweleza mtu yeyote wa boma lao, angekubaliana naye.

Mvua zikaja, zikapita, na mambo yakawa kimya.

Kisha maji ya Endasak yakakata. Yalikuwa yanaingia kwenye chemba ya juu, lakini chemba ya chini hayatoki. Kati ya chemba hizo mbili kuna shamba la mama mmoja anayeitwa Martina, mjane, na bomba linapita chini yake. Mchoro wa mhandisi unaonyesha bomba limenyooka kama rula. Lakini kila mtu pale alikumbuka kwamba wachimbaji walikutana na jiwe kubwa, wakalizunguka, na kwamba kwenye kona hiyo bomba liliungwa. Kwenye kiungio ndipo matope na mizizi hukwama. Walilizunguka upande gani, na jiwe lenyewe lilikuwa wapi, hapo kila mtu alikuwa na jibu lake. Msimamizi wa uchimbaji alishafariki. Zile nguzo fupi za zege tulizopanda kuonyesha njia ya bomba zilishang'olewa zamani, na niliwahi kupikiwa ugali juu ya mafiga yaliyofanana nazo sana.

Watu walikuwa wanachota maji korongoni pamoja na mifugo, na watoto walianza kuumwa matumbo. Mwenyekiti wa kitongoji akaamua wachimbe shamba la Martina lote, kutoka chemba mpaka chemba, kwa upana mpaka bomba lionekane. Kesho yake asubuhi. Na maharage ya Martina yalikuwa ndiyo kwanza yamebeba maganda mabichi. Mahindi yake ya mwaka ule yalishakauka yakiwa magotini. Maharage yale ndiyo yalikuwa chakula chake na cha watoto wake mpaka msimu mwingine, hakuwa na kingine.

Boay alinipigia asubuhi, siku moja kabla ya kuchimba, akiwa mtulivu kabisa. "Shikamoo mama."

"Marahaba, Boay."

"Mama, naomba unitumie picha za mtaro wa kwa Mama Martina. Tukishaona kona iko wapi, tunachimba shimo moja tu, biashara imekwisha."

Nikafungua folda ya ofisi. Picha za Mitaro haikuwepo. Nikaingia winguni kwenyewe, haikuwepo. Nikaenda kwenye kapu la taka la winguni, maana kilichofutwa huwa kinakaa humo kwa muda kabla hakijapotea moja kwa moja. Kapu lilishajimwaga lenyewe.

"Boay," nikasema, "folda hiyo unaijua iko wapi?"

"Hapa kwangu nilishaifuta mama, kompyuta ilijaa. Lakini ya winguni si ipo."

"Uliifuta lini?"

"Zamani kidogo. Mvua zilikuwa hazijaanza."

"Uliifuta, au uliiondolea tiki?"

"Si ni kitu kimoja?"

Niliona picha ya Mzee Lohay amesimama mlangoni na pipi yake shavuni. "Boay, baba yako ana ng'ombe kwa marafiki. Huyu hakuwa ng'ombe wa kwa rafiki. Huyu alikuwa ng'ombe mmoja. Sisi wote tulikuwa tunamwangalia huyo huyo, kila mtu kutoka dirisha lake."

Akasema polepole, "Kwa hiyo nimemchinja wa wote."

"Ndiyo."

"Mama, mwenyekiti ameshawaambia watu waje na majembe."

Sauti yake iliniuma. Alikuwa haogopi kufukuzwa. Alikuwa ameshaenda kwa Martina siku iliyotangulia, akakaa kwenye kigoda chake, akamwambia asiwe na wasiwasi kwa sababu picha zipo.

Sikumgombeza. Kugombeza hakurudishi faili hata moja. Nilikaa na lile swali la zamani: nyingine iko wapi? Dongobesh hakuna. Winguni hakuna. Masakta haikuwahi kushuka, tiki niliiondoa mwenyewe. Ikabaki Katesh, ambako niliacha tiki zote. Na hapo nikasimama, kwa sababu kompyuta ya Katesh ilikuwa kwa fundi wa kompyuta tangu kabla ya mvua. Radi ilipiga, ikaunguza kifaa chake cha umeme, na kipuri kikachelewa mno kuja. Muda wote huo haikuwa imewashwa. Maana yake, kama iliungua kabla Boay hajafuta, ilikuwa haijapata habari ya kufuta.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kompyuta iliyozimwa ni mtu aliyesafiri, hajasikia yaliyotokea nyumbani. Mafaili yake yapo vilevile alivyoyaacha. Lakini dakika itakapowashwa na kupata mtandao, itauliza wingu kuna nini kipya, na wingu litaijibu: Picha za Mitaro imefutwa. Nayo kwa utii wake wote itafuta.

Na fundi alikuwa ameshairudisha ofisini.

Ofisi ya Katesh ilikuwa chini ya Zuhura, binti wa familia ya wafanyabiashara wa mjini pale, mchapakazi ambaye hakuna kitu kinachokaa mbele yake bila kufanyiwa kazi. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata. Mara ya tatu akapokea akiwa anahema.

"Shikamoo Mama Tekla, nisamehe, nilikuwa nahangaika na hii kompyuta, imerudi alhamdulillahi."

"Umeiwasha?"

"Bado, bando la ofisi limeisha, nimemtuma mtu vocha. Nilisema likiingia tu naiwasha ivute mafaili yote mapya kwa pamoja."

Nimelilaani bando la ofisi ile miaka mingi kwa kuisha kila linapohitajika. Asubuhi ile nililibariki.

"Zuhura, mwanangu, usiiwashe. Chomoa modemu kwenye umeme. Kisha iweke mahali ambapo wewe mwenyewe itakuwa kazi kuitoa. Nakuja."

"Kuna nini, mama?"

"Kuna maharage ya mtu."

Hakuuliza zaidi. Nilipofika Katesh nilimkuta amekaa kwenye kiti, modemu iko ndani ya mkoba wake, na mkoba ameukalia. Simu yake pia alikuwa ameizima, isije kompyuta ikaipenda ikajiunganisha nayo. Huyo ndiye mtu wa kufanya naye kazi.

Tukaiwasha kompyuta ikiwa haina mtandao wowote. Ilichukua muda wake wote kuamka, kama mgonjwa aliyetoka hospitali, sisi wawili tumesimama nyuma yake. Nikafungua folda ya ofisi. Picha za Mitaro ilikuwepo. Zuhura akasema neno la kumshukuru Mungu kwa lugha yake, nami nikasema la kwangu. Nikaikopi folda nzima kwenye flashi, nikaikopi tena kwenye diski ya nje, nje kabisa ya ile folda inayosawazishwa. Nikafungua picha moja moja kutoka kwenye flashi kuhakikisha zinaonekana. Msiruke hatua hiyo. Nimewahi kuona watu wakishangilia kukopi, kumbe wamekopi jina la folda lenye utupu ndani. Baada ya hapo, vocha ikiwa imeshaletwa, ndipo nilipomwambia Zuhura arudishe modemu. Tukaangalia kwa macho yetu Picha za Mitaro ikitoweka kwenye skrini, kama nilivyosema itafanya. Zuhura alishika kichwa. Nikarudisha nakala kutoka kwenye diski, ikaanza kupanda winguni upya.

Kesho yake asubuhi nilifika Endasak nikiwa nyuma ya pikipiki, kompyuta ya kupakata imefungwa kifuani mwangu kwa kanga. Watu walishafika. Majembe yalikuwa yameegemezwa kwenye ua wa minyaa, na Martina alikuwa amesimama mwanzo wa matuta yake, mikono imefumbatwa ndani ya shuka.

Mwenyekiti alikuwa anaongea naye kwa upole, sikumwona mbaya. "Mama Neema, hata mimi naumia. Lakini watoto wanakunywa maji na ng'ombe."

"Chimbeni," Martina akasema. "Sijawakataza. Ila mkimaliza mje mniambie wangu watakula nini."

Boay alinipokea kompyuta bila kuniangalia usoni. Tuliiweka juu ya kiti cha pikipiki, na kwa sababu jua lilikuwa linapiga skrini, Martina akavua shuka lake akatufunika nalo, yeye, mimi, Boay na mwenyekiti, vichwa vinne chini ya kitambaa kimoja. Nikafungua picha niliyoifahamu kwa namba yake. Nilishaipitia mara nyingi nikiwa mezani, na siku zote niliona bomba tu: bomba linapinda, kiungio kinaonekana, mlima uko nyuma. Kando ya kiungio kuna mwanaume ameweka mguu mmoja juu ya udongo, mkono mmoja ameuegemeza kwenye jiwe kubwa, anacheka na mtu asiyeonekana.

Martina aliisogelea skrini. Nilisikia pumzi yake chini ya lile shuka.

"Huyu ni Yuda," akasema. "Baba Neema."

Sikuwa najua. Mume wake alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuchimba, na wakati wa kuchimba Martina mwenyewe alikuwa kwao, amekwenda kujifungua. Aliporudi na Neema mgongoni, mtaro ulishafukiwa. Ndiyo maana hakujua bomba lilipita wapi, wala ni jiwe gani lililozungukwa. Yuda alishakufa wakati wa kisa hiki, na picha aliyobaki nayo mkewe ilikuwa ya kitambulisho, ile ya kununa.

Boay ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Mama, na hili jiwe liko wapi sasa? Mimi silioni shambani."

"Tulilipasua. Ndio msingi wa nyumba ile pale." Kisha akatoka chini ya shuka, akaingia kwenye maharage yake. Alitembea kati ya matuta akiinua miguu asikanyage, akasimama, akaangalia mlima, akasogea kidogo kushoto. "Jiwe lilikuwa hapa. Yeye alisimama upande huu, mlima nyuma yake. Chimbeni hapa nilipo."

Aling'oa mwenyewe mashina ya maharage ya mahali pale, akayaweka pembeni. Boay hakumpa mtu mwingine jembe. Alichimba, na akiwa ndani ya shimo, jasho linamtoka, akamwambia Martina mbele ya watu wote: "Mama Neema, hizi picha nilizifuta mimi. Nilidhani nafuta za kwangu tu, kumbe nilifuta za kila mtu. Huyu mama ndiye aliyepata nakala ya mwisho." Martina alimpa maji ya kunywa kwenye kopo, yale ya korongoni yaliyochemshwa.

Kiungio kilionekana pale pale mguu wa Yuda ulipokuwa. Boay akakifungua, akavuta mizizi ndefu iliyosokotwa na tope, akavuta tena, na muda si mrefu tukasikia watoto wanapiga kelele kwenye chemba ya chini. Majembe mengine yote yalirudi nyumbani yakiwa makavu. Shimo lile lilikuwa na ukubwa wa meza ya kulia chakula, na maharage mengine ya shamba lile hayakuguswa hata jani.

Wiki iliyofuata Boay alikuja Dongobesh na kalamu ya wino mzito, akaandika vile vibandiko kwa mkono wake, akapita kubandika hadi Masakta na Katesh. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuvibandua, kaombeni ruhusa kwa bosi wenu, si kwangu. Na mimi tangu siku hiyo nilikuwa na diski moja kabatini ambayo haijaunganishwa na chochote, nikiijaza kila mwisho wa mwezi na kuichomoa. Huyo ndiye ng'ombe wa kwa rafiki. Wingu linawafanya wote muone kitu kimoja, na hiyo ni kazi yake nzuri. Kuwatunzia mlichokifuta wenyewe si kazi yake. Nafasi ikijaa, ondoeni tiki. Mkitaka kufuta, ulizeni kwanza nyingine iko wapi, na nani ameiona leo.

Limebaki jambo moja. Siku ile ile, kabla sijaondoka Endasak, Martina alinifuata kwenye pikipiki. Aliniuliza kama Yuda bado yumo ndani ya kompyuta. Boay akamjibu kwamba yumo humu, yuko Katesh, na yuko winguni, na jioni atakuwa Dongobesh.

"Na mtu akimfuta mahali pamoja?"

Boay aliniangalia, kisha akamjibu mwenyewe. "Anafutika kote, mama."

Martina akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Nilipita Katesh, nikaichapisha picha ile kwa Zuhura kwenye karatasi ngumu, kubwa, na nikampelekea Martina kwa mkono wangu mara nilipopata safari. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama mbele, akaigeuza akatazama nyuma kulikokuwa na weupe mtupu, kisha akaniuliza, "Na hii imeunganishwa na nini?"

Nikamwambia haijaunganishwa na kitu chochote, Mama Neema. Hii ni yako.